Vidonge Vinne kwa Siku, au Viwili?

Kuna amri moja ambayo kila mmoja wetu ameisikia kwenye dirisha la dawa tangu akiwa mtoto: maliza dozi. Tumeambiwa hivyo kwa malaria, tumeambiwa hivyo kwa kifua kikuu, na wauguzi waliotuambia walikuwa na haki kabisa. Dawa mseto ya malaria ni ya siku tatu. Anayeacha siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka anawaachia vimelea mwanya wa kurudi. Dawa za kifua kikuu humezwa miezi, na anayezirukaruka anajitafutia kifua kikuu sugu. Amri hii imeokoa maisha mengi, na sitaki mtu yeyote aondoke kwenye mazungumzo haya akiidharau.

Lakini upo ugonjwa ambao amri hiyo hiyo, ikishikwa bila kuuliza swali, humtesa mgonjwa na mwisho humfanya aikimbie dawa kabisa. Ugonjwa huo ni saratani ya ini iliyofikia hatua ya juu, pale ambapo upasuaji hauwezekani tena na daktari anaandika vidonge.

Ninasema saratani inayoanzia ndani ya ini lenyewe, si ile inayohamia huko kutoka kwenye titi au utumbo. Kwetu Afrika Mashariki vyanzo vyake vikubwa tunavijua. Kuna virusi vya homa ya ini B, ambavyo wengi huambukizwa utotoni na kukaa navyo miaka mingi bila dalili yoyote. Kuna sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizowekwa ghalani hazijakauka vizuri. Watu wa Makueni na Kitui wanaukumbuka mwaka 2004, sumu hiyo ilipoua watu 125 kwa mkupuo mmoja, na wenzetu wa Dodoma na Manyara waliionja mwaka 2016. Hiyo ni sumu iliyoliwa nyingi kwa mara moja. Ile inayoliwa kidogo kidogo kwa miaka haiui haraka. Hukaa ikiharibu ini, na ikikutana na virusi vya B ndani ya mwili mmoja hatari huzidi sana. Pombe nayo ina sehemu yake.

Mwaka 2017 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa wa saratani hii kutoka hospitali kubwa za nchi tisa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo. Ukiitoa Misri, nusu ya wagonjwa walifariki ndani ya miezi miwili na nusu tangu ugonjwa ugunduliwe. Wengi walikuwa watu wa miaka arobaini na kitu, wenye watoto shuleni. Na waliopata tiba yoyote ya saratani yenyewe walikuwa asilimia 3 tu. Ndiyo maana nasisitiza: yule mmoja kati ya wengi aliyebahatika kuipata dawa asiipoteze kwa sababu hakuna aliyemweleza namna ya kuishi nayo.

Dawa ya kwanza ya kumeza kuthibitika kwamba inarefusha maisha ya wagonjwa hawa ni sorafenibu. Utafiti wake mkuu, ulioongozwa na Josep Llovet na wenzake, ulichapishwa Julai 2008. Wagonjwa walikuwa 602. Waliopewa vidonge visivyo na dawa waliishi, kwa kipimo cha katikati, miezi 7.9. Waliopewa sorafenibu waliishi miezi 10.7. Karibu miezi mitatu zaidi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuiona miezi mitatu kuwa kidogo. Mtu aliyeketi na mgonjwa anayesubiri mwanawe amalize mtihani wa kidato cha nne hataiona hivyo.

Jambo moja linawachanganya wengi, kwa hiyo tulitazame. Sorafenibu ni nadra sana kuyeyusha uvimbe. Katika utafiti ule, uvimbe ulisinyaa waziwazi kwa wagonjwa wapatao 2 katika kila 100. Kazi yake hasa ni kuzuia ishara zinazoziambia seli za saratani ziendelee kugawanyika, na kuzuia mishipa mipya ya damu inayoulisha uvimbe. Ni kama kufunga mfereji unaonywesha magugu shambani: magugu hayang'oki, yanadumaa. Na mfereji huo huo ndio unaonywesha mboga. Ngozi ya viganja na nyayo, utando wa utumbo, kuta za mishipa ya damu, vyote hutumia ishara za aina hiyo hiyo ili kujijenga upya. Kwa hiyo dawa ikiingia, navyo huathirika.

Hapo ndipo yanapoanza yale ambayo wahudumu wetu huyaita maudhi madogo madogo. Kwa dawa hii mengine si madogo. Ndani ya wiki chache za mwanzo viganja na nyayo huwasha, huwa vyekundu, hupata sugu na malengelenge pale panapobanwa. Kuharisha huja. Hamu ya chakula hupotea, uzito hushuka, presha hupanda, mwili huchoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Katika utafiti wa 2008, wagonjwa 8 katika kila 100 waliotumia dawa walipata hali ya mikono na miguu ya kiwango kikali, na idadi kama hiyo waliharisha vikali. Walio na hali nyepesi au ya wastani walikuwa wengi kuliko hao.

Sasa fikiria nani anayeugua kwetu. Mkulima asiyeweza kushika jembe. Mama lishe anayesimama tangu alfajiri kwenye moto. Fundi ujenzi, dereva wa bodaboda. Malengelenge ya nyayo ambayo mtu wa ofisini angeyavumilia huku amekaa, kwa hawa ni njaa ya nyumba nzima. Nalisema hili kwa sababu kwenye jedwali la utafiti mambo haya huandikwa kama daraja la pili, yaani la wastani, na daktari akisoma "wastani" anaweza kuona hakuna haraka.

Mgonjwa anafanya nini? Anakumbuka ile amri ya maliza dozi. Anaogopa kwamba akilalamika, daktari atamwondolea dawa, na dawa ndiyo tumaini lake. Anaogopa kumvunja moyo mwanawe aliyeuza ng'ombe ili ainunue. Basi anavumilia wiki tatu, wiki nne, hadi siku moja anaacha zote, kimya kimya. Akiulizwa kliniki anasema, "Naendelea vizuri, daktari." Ndugu zangu, hii ndiyo hasara ninayotaka tuizuie leo, na njia ya kuizuia ipo.

Turudi nyuma kidogo tujue dozi yenyewe ilitoka wapi. Kidonge kimoja cha sorafenibu ni miligramu 200. Dozi iliyoandikwa kwenye kijikaratasi ni vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, jumla miligramu 800 kwa siku. Namba hii ilipatikana kwa utaratibu uliotumika miaka mingi kwa dawa za saratani: watu wachache wanapewa dozi ndogo, wengine wanaongezewa kidogo, wengine zaidi, mpaka inapofika dozi ambayo watu hawaiwezi, kisha inachukuliwa iliyo chini yake. Utaratibu huo ulibuniwa kwa ajili ya dawa za zamani za dripu, zinazoua seli moja kwa moja na kutolewa kwa mizunguko michache. Kwa kidonge ambacho mtu atakimeza kila siku kwa miezi au miaka, kutafuta kiwango cha juu kabisa ambacho binadamu anaweza kukihimili kwa wiki nne ni kuuliza swali lisilotosha. Mamlaka ya dawa ya Marekani yenyewe imeliona hilo. Mwaka 2021 ilianzisha mpango uitwao Project Optimus, unaozitaka kampuni zitafute dozi inayofaa badala ya kukimbilia kubwa kuliko zote.

Je, anayepunguziwa dozi anapoteza maisha? Swali hili limechunguzwa. Hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani zilifuatilia karibu wagonjwa 5,000 wa sorafenibu, na matokeo yakachapishwa 2017. Kwa kutazama juu juu, walioanza na dozi ndogo walionekana kuishi muda mfupi zaidi. Lakini walioanzishiwa dozi ndogo ndio waliokuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Watafiti walipowalinganisha watu wa hali zinazofanana, tofauti hiyo ikatoweka: aliyeanza kidogo hakuishi pungufu, alitumia vidonge vichache na pesa chache, na hakulazimika kuacha kwa ajili ya tumbo mara nyingi kama wenzake.

Huko Italia, katika utafiti uliochapishwa 2011, waliotumia nusu dozi kwa sehemu kubwa ya matibabu yao waliishi miezi 21.6, na wengine miezi 9.6. Tusishangilie namba hiyo upesi. Mtu aliyeishi muda mrefu ndiye anayepata nafasi ya kukaa muda mrefu kwenye nusu dozi. Kwa hiyo namba hiyo haithibitishi kwamba nusu ni bora kuliko nzima. Inachoonyesha ni kwamba inawezekana kabisa kuishi, na kuishi miezi mingi, kwenye nusu. Na kwa dawa nyingine ya jamii hii, kabozantinibu, utafiti wa 2018 ulioifanya ikubalike kwa saratani ya ini uliwaanzisha wagonjwa kwa miligramu 60, na asilimia 62 kati yao walipunguziwa. Dawa ilishinda ikiwa imepunguzwa kwa wengi.

Kwa hiyo daktari anapokuambia, "Sasa shuka hadi vidonge viwili kwa siku," au anaposimamisha wiki moja ngozi ipone kisha akaanza upya na kidogo, usidhani amekata tamaa nawe, wala usidhani duka limeishiwa. Anafanya kile kile ambacho mwongozo wa dawa unamwelekeza kufanya: kutoka miligramu 800 hadi 400 kwa siku, na ikibidi hadi 400 siku moja ndiyo siku moja hapana. Wapo madaktari wanaoanza na 400 makusudi, hasa kwa mgonjwa aliyedhoofu, kisha wanapanda mwili ukikubali.

Kuna habari nyingine ninayotamani kila mgonjwa aijue. Watafiti wa Barcelona walichapisha mwaka 2014 kwamba wagonjwa waliopata madhara ya ngozi mapema, ndani ya siku 60 za kwanza, waliishi muda mrefu kuliko wasiopata. Ngozi inayolalamika inaweza kuwa dalili kwamba dawa imefika na inafanya kazi. Hiyo ni sababu nzuri ya kuitibu ngozi na kurekebisha dozi ili dawa iendelee, kuliko kuitupa.

Na ngozi inatibika. Kabla ya kidonge cha kwanza, miguu ilowekwe kwenye maji ya vuguvugu, na sugu zipunguzwe taratibu. Yaepuke maji ya moto. Vaa viatu vyenye soli laini na soksi za pamba. Ndala ngumu na kutembea peku viache. Krimu ya yurea ya asilimia 10, inayouzwa maduka ya dawa, ianze kupakwa siku ile ile ya kwanza: utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba ilipunguza waliopata tatizo hili kutoka karibu asilimia 74 hadi asilimia 56. Si kinga kamili, ila ni tofauti kubwa kwa krimu ya kawaida. Presha ipimwe kila wiki kwa wiki sita za mwanzo. Hata zahanati ya kijijini inaweza kufanya hivyo. Na wiki hizo sita ndizo za kupiga simu kliniki bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Chakula nacho kina neno. Sorafenibu ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, karibu theluthi moja ya inayofika kwenye damu hupotea. Supu nzito ya mbuzi tunayompa mgonjwa kwa upendo ili apate nguvu isiende pamoja na vidonge. Vimezwe saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Na kwa sababu kifua kikuu kipo kati yetu, daktari wa saratani aambiwe kama mgonjwa anatumia rifampisini, kwani dawa hiyo huliamsha ini liivunje sorafenibu haraka na kiwango chake kwenye damu hushuka zaidi ya theluthi. Dawa za miti shamba nazo zitajwe, zote, bila aibu. Ini linalopigana halitakiwi kupewa kitu ambacho daktari hakijui.

Kupunguza kwa makubaliano ni kitu kimoja. Kuna kupunguza kwingine, kwa mfuko. Familia inanunua vidonge vya mwezi mmoja na kuvivuta vifike miwili, halafu inanyamaza. Siwalaumu. Bei ya dawa hii ilikuwa ya kutisha: India, kwa mfano, dozi ya mwezi ya Nexavar, jina la biashara la sorafenibu ya kampuni ya Bayer, ilikuwa ikiuzwa takriban rupia 280,000, hadi Machi 2012 ofisi ya hataza ya nchi hiyo ilipoiruhusu kampuni ya Natco kuitengeneza na kuiuza kwa bei isiyozidi rupia 8,800. Uamuzi ule ulionyesha kwamba bei si amri ya Mungu. Ila ukivuta vidonge, mwambie daktari. Akiangalia picha za CT akidhani ulimeza vinne kila siku wakati ulimeza kimoja, atasema dawa imeshindwa, kumbe haikupewa nafasi. Na akijua, pengine atapanga dozi ya chini inayoeleweka, inayolingana na mwili na uwezo wako.

Dawa nyingine ya kumeza, lenvatinibu, imefikiriwa kwa namna inayonipendeza zaidi. Ilipolinganishwa na sorafenibu kwa wagonjwa 954, matokeo yakichapishwa 2018, dozi ilipangwa kwa uzito: miligramu 12 kwa mwenye kilo 60 na zaidi, miligramu 8 kwa aliye chini ya hapo. Haikuwa duni kuliko sorafenibu, ingawa yenyewe hupandisha presha zaidi. Kwa wagonjwa wetu waliokonda, mpaka huo wa kilo 60 una maana kubwa. Nami naongeza tahadhari: tumbo lililojaa maji huongeza kilo kwenye mizani. Anayempima mgonjwa aliangalie tumbo kabla ya kuiamini mizani.

Hayo maji ya tumboni yanatufikisha kwenye kiini cha jambo. Mgonjwa wa saratani ya ini mara nyingi ana magonjwa mawili ndani ya kiungo kimoja: uvimbe, na ini lenyewe lililojaa makovu. Madaktari hulipima ini hilo kwa alama za Child-Pugh: bilirubini, albumini, kuganda kwa damu, maji tumboni, na akili kuchanganyikiwa. Daraja A ini bado lina nguvu, B limeyumba, C limeelemewa. Karibu wagonjwa wote wa utafiti wa 2008 walikuwa A. Baadaye wagonjwa zaidi ya 3,000 wa nchi nyingi walifuatiliwa katika utafiti uitwao GIDEON, na ikaonekana wa daraja A waliishi miezi 13.6, wa B miezi 5.2, wakitumia dawa ile ile. Kwetu wengi hufika hospitali macho yakiwa ya manjano na tumbo limejaa. Kuwapa dozi iliyopimwa kwa watu wa daraja A, kwa sababu tu kijikaratasi kimesema, ni kuwatwika mzigo wa watu wengine.

Siku hizi, panapopatikana, tiba ya kwanza mara nyingi ni dripu ya kuamsha kinga ya mwili, kwa mfano atezolizumabu ikiambatana na bevasizumabu kila wiki tatu. Katika utafiti uliochapishwa 2020, baada ya mwaka mmoja walikuwa hai asilimia 67 ya waliopata dripu hizo, na asilimia 55 ya waliopata sorafenibu. Hizi hazipunguzwi kama vidonge. Madhara yakitokea, daktari husogeza tarehe au husimamisha. Na kabla ya kuanza, umio lazima uangaliwe kwa kamera, kwa sababu bevasizumabu inaweza kusababisha mishipa iliyovimba humo itoe damu.

Kwa mgonjwa wa daraja C, dozi sahihi ya sorafenibu kwa kawaida ni sifuri. Hilo ni gumu kulisema na gumu zaidi kulisikia, lakini kupima dozi hakuishii hapo. Kunahamia kwenye dawa za maumivu, na huko nako ini ndilo linaloamua. Paracetamoli inaruhusiwa, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila kona, kwa mgonjwa huyu huweza kuleta damu tumboni na kuzima figo, kwa hiyo zikae mbali naye. Maumivu yakizidi ipo mofini ya maji ya kunywa. Uganda, kwa kazi iliyoanzishwa na Dakta Anne Merriman na Hospice Africa Uganda tangu 1993, imeonyesha kwamba dawa hiyo inaweza kumfikia mgonjwa nyumbani kwake, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa huko wanaruhusiwa kuiandika. Kwa ini lililoelemewa mofini huanza kidogo na kwa kuachanisha saa zaidi, na siku hiyo hiyo dawa ya kulainisha choo iandikwe pamoja nayo, kwa kuwa choo kikifunga sumu hupanda kichwani na mgonjwa akaanza kuchanganyikiwa. Anayemuuguza ahesabu siku ambazo mgonjwa hajapata choo, na zikifika mbili amwambie muuguzi.